Mkaza Mwana na Mtihani wa Umeme



Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja wa Malindi ambaye mwanawe na mkaza mwanawe wanaishi Ohio, Marekani. Mkaza mwana ni mhandisi wa umeme, ameajiriwa, ana watoto wawili, na tangu Ramadhani iishe hujifungia chumbani kila usiku baada ya Isha na vitabu vya hesabu za umeme. Mume ndiye alishaye watoto na kuwalaza. Simu za Malindi zimepungua. Mama anatuuliza mambo mawili: mtu aliyekwisha kupata shahada na kazi ana mtihani gani tena? Na je, elimu hiyo ya nyaya ina daraja yoyote katika dini, hata nyumba igeuzwe namna hii kwa ajili yake?

Tutaanza na la kwanza, kwani haifai kulihukumu jambo kabla ya kulifahamu.

Huko Marekani mhandisi anaweza kufanya kazi miaka mingi chini ya mwenziwe bila leseni. Asichoweza ni kuutia mchoro muhuri wake, na kuwaambia watu kwamba jengo hili au kituo hiki cha umeme ni salama kwa dhamana yake. Leseni hutolewa na kila jimbo peke yake. Jimbo la kwanza kuweka sheria hiyo lilikuwa Wyoming, mwaka 1907, baada ya kuonekana kwamba watu wasio wahandisi, mawakili miongoni mwao, walikuwa wakitia saini michoro ya maji kana kwamba ni mafundi. Siku hizi njia ya kawaida ni shahada, kisha mtihani wa misingi, kisha miaka minne ya kazi, kisha mtihani wa pili, ambao ndio huu uliomshughulisha mkaza mwana wetu. Hapa Kenya nako Bodi ya Wahandisi hutenga baina ya mwenye shahada tu na mhandisi aliyesajiliwa kuwa mtaalamu.

Jambo hili si geni kwetu. Imepokewa hadithi ambayo maana yake ni kwamba mwenye kujitia utabibu na hali hakujulikana kwa utabibu, basi ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Wanavyuoni wakaichukua hukumu hiyo kwa kazi nyingine za ufundi. Aliyeunganisha umeme kwa kubahatisha, nyumba ikaungua na watoto ndani yake, hana udhuru wa kusema alikusudia kheri.

Sasa tuutazame mtihani wenyewe. Maswali ni 80 na muda ni saa 8, yaani dakika 6 kwa kila swali. Zamani mtahiniwa aliingia na makasha ya vitabu vyake, kurasa zimebandikwa vipande vya karatasi za rangi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mtihani huu wa umeme hufanywa kwenye kompyuta, na vitabu vya kurejelea viko ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Chake mwenyewe hakiingii. Kwa hiyo si lazima ahifadhi kila kanuni, bali ajue iko mlango gani wa kitabu. Sisi tuliolelewa kwa kuhifadhi matini kwanza na sherehe baadaye tutaliona jambo hili kuwa rahisi. Si rahisi hata kidogo: asiyejua anachokitafuta, dakika zake sita humwishia akifunua kurasa.

Tuchukue swali moja, mama apate kuona mkaza mwana hukesha na nini. Kiwanda kinatumia kilowati 500, na uwiano wake wa nguvu ni 0.8. Mwenye kiwanda anataka uwiano upande hadi 0.95. Je, atie kapasita za kiasi gani? Maana yake ni hii. Mitambo yenye mota huvuta umeme wa namna mbili: ule ufanyao kazi, na ule uendao na kurudi bila kufanya kazi, kwa ajili ya sumaku iliyomo ndani ya mota. Ni kama maziwa yamiminwayo kwa kasi: unahitaji jagi kubwa kuliko maziwa yenyewe, kwa sababu povu nalo linataka nafasi. Kiwanda hiki, ili kipate kilowati 500 za kazi, kinahitaji nyaya na transfoma za kubeba kilovolti-ampea 625. Uwiano ukipandishwa hadi 0.95, zinatosha kiasi cha 526. Povu limeshuka kutoka 375 hadi kama 164, na tofauti yake, takriban kilovari 211, ndiyo jibu.

Hesabu yenyewe haina hatua nyingi. Mtego uko penginepo. Umeme wa viwandani huja kwa fezi tatu, na swali huenda likataka kapasita za kila fezi peke yake, nazo ni kama 70 tu. Hayo yote mawili huyaona yameandikwa miongoni mwa majibu, na mwenye haraka atachagua 211 akafurahi. Vivyo hivyo na volti. Hapa petu fundi wa karakana anajua kuwa baina ya nyaya mbili za fezi zipo volti 415, na baina ya waya mmoja na nyutro zipo 240. Kwao Marekani majengo mengi yana 208 na 120. Ukigawanya ya juu kwa 1.732 unapata ya chini. Mwenye kusahau ugawanyo huo mara moja huharibu swali zima.

Lipo fungu jingine ambalo sisi tunaofundisha mirathi tulilitambua sura yake mara moja. Gridi ina volti 132,000 mahali pamoja na 11,000 mahali pengine, na kila transfoma ina ukubwa wake. Wahandisi huvirudisha vyote kwenye kizio kimoja, kila kitu kikawa sehemu ya kizio hicho, kisha ndipo hujumlisha. Nasi tufanyeje marehemu akiacha mke, mama na mtoto wa kiume? Thumni na sudusi hazijumlishiki mpaka tutafute asili ya mas-ala, nayo ni 24: mke 3, mama 4, mwana 17. Na al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra huko Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, sehemu kubwa ya kitabu chake aliiweka kwa ajili ya wasia na mirathi. Aljebra ile ile ndiyo ashikayo mkaza mwana usiku.

Kwa hiyo la pili, mama yetu, jibu lake liko wazi. Imamu al-Ghazali katika Ihyaa amezitaja tiba na hesabu miongoni mwa elimu za faradhi ya kifaya, ambazo mji mzima hupata dhambi usipokuwa na mwenye kuzijua. Umeme wa hospitali katika zama zetu hauko nje ya mlango huo. Na nia ikisafishwa, kukesha kwake kuna ujira.

Ama mwanao kupika na kulaza watoto, Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake; Bibi Aisha (r.a.) ndiye aliyetueleza. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kupika na kufua si wajibu wa mke kisheria, ingawa ni katika ada njema walizozoeana watu. Tunajua neno hili haliwafurahishi wanaume wengi, lakini limo vitabuni.

Simu nayo ni deni la mwanao kwanza, kabla ya kuwa deni la mkewe. Wema ni wako wewe kwa mwanao; yeye na akupigie, hata akiwa na mwiko mkononi. Mkaza mwana tunamnasihi atenge siku moja ya juma, Ijumaa ikiwezekana, akusalimu na kukuomba dua. Nawe usimpigie usiku wa masomo. Hesabu hizi hazisomwi kwa macho, hufanywa kwa kalamu, na mtu akikatizwa katikati ya swali la fezi tatu hurejea mwanzo. Saa mbili zisizokatizwa zina faida kuliko nne za vipande.

Limebaki la swala siku ya mtihani. Katikati ya mtihani yamewekwa mapumziko ya dakika 50, na mtahiniwa akishaifunga sehemu ya kwanza hairudii tena. Basi aiangalie saa: asifunge sehemu hiyo kabla Adhuhuri haijaingia, maadamu anao wasaa. Aingie na udhu, na atafute mapema mahali pa kuswali karibu na kituo, kwani baridi ya kule si ya kumwacha mtu uwanjani.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu maswali mawili ya eda yaliyotufikia kutoka Lamu.