Daktari Asifichwe Ndani ya Mabano

Afisa wa tiba jeshini anapofikia vyeo vya juu, jina lake huandikwa kwa utaratibu tuliouzoea hata hatuuoni tena: kwanza Brigedia au Meja Jenerali, kisha, ndani ya mabano, Daktari, ndipo lifuate jina alilopewa na wazazi wake. Kwa mwanaisimu, mabano si pambo. Ni alama inayomwarifu msomaji kwamba neno lililomo ndani laweza kuondolewa na sentensi isipungukiwe. Je, udaktari wa afisa huyo nao waweza kuondolewa, na cheo chake kikabaki na maana?

Suala hili haliwahusu wakuu wa jeshi peke yao. Nkubu, mji wa Imenti Kusini ulio kando ya barabara ya kutoka Meru kuelekea Embu, wakazi wamemjua daktari kwa miaka mingi kupitia hospitali ya misheni ya Consolata. Humjua kwa kazi: nani alimzalisha binti wa fulani, nani aliunga mfupa wa mchuma chai aliyeteleza. Lakini daktari akishavaa sare, kipimo hubadilika. Katika harambee, harusi na hata matanga, hutajwa alama zilizo begani mwake. Wagonjwa wake hawatajwi. Kijana anayesikiliza hujifunza kwamba udaktari ni ngazi tu ya kukwelea ukubwa.

Wapo watakaosema kwamba basi madaktari wasipewe vyeo vya kijeshi kamwe. Siwaungi mkono, na historia ya nchi yetu haiwaungi mkono pia. Jina Kariakoo, linalotajwa Nairobi na Dar es Salaam bila kufikiriwa, latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliwachukua wanaume kwa wingi, wakiwemo wa nyanda zetu za juu, wakabebe mizigo ya jeshi katika vita dhidi ya Wajerumani. Kwa hesabu rasmi, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria. Unga wa mahindi usioiva vizuri uliharibu matumbo ya watu waliozoea vyakula vingine.

Maafa ya namna hiyo hayazuiliwi kwa sindano. Huzuiliwa kwa amri: maji yachemshwe, vyoo vichimbwe mbali na kisima, chakula kiive, wachovu wapumzishwe. Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Jeshini kinga ni amri, na amri haitolewi na asiye na cheo. Daktari asiyeweza kumzuia kamanda kupiga kambi penye kinamasi atabaki kuwahesabu wafu.

Kuna sababu ya pili. Kwa mujibu wa Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, anayetangulia kutibiwa miongoni mwa majeruhi huamuliwa na dharura ya kitabibu pekee. Maana yake ni kwamba adui anayevuja damu hutangulia mbele ya kanali wetu aliyekwaruzwa mkono. Lakini nani atamwambia kanali asubiri? Luteni aliyetoka chuoni juzi atatetemeka. Brigedia anaweza kusema, na akasikilizwa. Hapa cheo ni chombo cha tiba, sawa na kisu cha mpasuaji.

Hatari huja pale chombo kinapotengana na kazi yake. Tumtazame jirani yetu Kizza Besigye wa Uganda. Sizungumzii siasa zake za upinzani, nazungumzia safari yake jeshini. Alizaliwa mwaka 1956, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Makerere, akafanya kazi Nairobi, na mwaka 1982 akawafuata wapiganaji wa NRA msituni, akawa daktari wa Yoweri Museveni. Ushindi ulipopatikana Januari 1986, aliteuliwa kuwa waziri mdogo wa mambo ya ndani. Baadaye alikuwa kamisaa wa siasa, kamanda wa kikosi cha magari ya deraya kule Masaka, kisha mkuu wa ugavi na uhandisi. Alistaafu jeshini mwaka 2000 akiwa kanali. Katika nyadhifa hizo zote baada ya ushindi, hakuna hata moja ya kutibu.

Mwaka huo huo wa 1986, kama Museveni mwenyewe alivyosimulia, askari 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo walipimwa, na 18 wakakutwa na virusi vya Ukimwi. Fidel Castro ndiye aliyemjulisha. Adui mkubwa wa jeshi lile hakuwa porini tena, alikuwa ndani ya damu ya askari. Jeshi lenye adui wa namna hiyo lina haja gani ya kumpa daktari magari ya deraya?

Siwalaumu madaktari wenyewe. Asiyepandishwa cheo hufika umri wa kustaafu mapema, na njia ya kupanda hupitia ofisini. Kwa hiyo jeshi letu lifungue njia ya pili, ili mpasuaji bingwa aweze kupanda hadi juu bila kuuacha ukumbi wa upasuaji. Na anayekwenda ofisini apimwe kwa maradhi aliyoyazuia kambini na kwa mara alizomkatalia kamanda kwa ajili ya mgonjwa.

Nasi waandishi na washereheshaji tuna wajibu wetu. Jeshi la Tanzania humwita mkubwa wa madaktari wake Mkuu wa Tiba, jina linalotaja kazi kabla ya ukubwa. Tujifunze hapo. Cheo ni dhamana, na aliyemwekea dhamana afisa huyu ni mgonjwa. Tuyaondoe mabano, tuandike Daktari waziwazi, ili kijana wa Nkubu anayesoma gazeti ajue ni neno gani kati ya hayo mawili linalolibeba lenziwe.