Unga wa Mlonge Usiwe Badala ya Vidonge

Siku ya mshahara wachuuzi wa dawa hawakosi. Jinja na Mbale huuza unga wa mlonge, majani ya mululuza na makopo yenye maandishi ya kigeni, wakiahidi kwamba kisukari kitakwisha kabisa. Wapo wenzetu wanaonunua, kisha wakaacha vidonge vya hospitali.

Hatudharau miti. Metformini, kidonge wanachomeza wagonjwa wengi wa kisukari, asili yake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya uitwao Galega. Lakini kidonge kina kipimo, kijiko cha unga hakina. Tena uko ulaghai. Mwaka 2000 huko California, Marekani, zilikutwa dawa za kisukari zilizoitwa za mitishamba, kumbe ndani yake imefichwa glibenklamidi, dawa ya hospitali inayoshusha sukari kwa nguvu. Mkata miwa aliyetoka alfajiri bila chai, akichanganya kitu kama hicho na vidonge vyake, aweza kutetemeka, kutokwa jasho na kuzirai panga likiwa mkononi.

Anayetumia unga amwambie daktari, wala daktari asimkemee.

Hata hivyo hatumlaumu mnunuzi. Mtu akipoteza ujira wa siku kwenda kliniki, akaambiwa vidonge vimekwisha, atamkuta nani langoni ila mchuuzi? Kwa hiyo tunadai kila zahanati ya kiwanda na ya shamba iwe na kipima sukari na vidonge, na siku ya kliniki isihesabiwe utoro. Matawi yaliweke jambo hili mezani katika mazungumzo yajayo na waajiri.