Chambua Stempu Kama Pamba

Leo naweka jembe chini kidogo. Nataka tuzungumze juu ya stempu kuukuu za posta.

Babu yangu alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, Tanga, kabla ya Uhuru. Aliandika barua nyingi nyumbani. Bibi alizitunza katika sanduku la bati. Bibi alipofariki, nilisikia kuwa stempu za zamani zina fedha. Nikachukua mkasi, nikazikata zote. Barua na bahasha nikazichoma.

Mnunuzi wa mjini alitikisa kichwa. Nilikuwa nimekata meno ya stempu. Tena akaniambia kuwa bahasha nzima, yenye stempu na mhuri unaosomeka, mara nyingi ina bei kubwa kuliko stempu peke yake. Nilipata nauli tu. Na leo sina mwandiko wa babu wa kumwonyesha mwanangu.

Wewe usifanye hivyo. Fuata hatua hizi:

1. Usikate. Acha stempu juu ya bahasha yake.

2. Tenga kwa nchi na wakati. Nyingi za Wajerumani zimeandikwa "Deutsch-Ostafrika". Nyingi za Waingereza zina majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Za Tanganyika huru zilianza mwaka 1961. Za Zanzibar ziweke peke yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, baadhi zilipigwa chapa ya "Jamhuri 1964".

3. Chambua kwa hali. Wakulima wa pamba hutenga pamba safi na pamba fifi. Fanya vivyo hivyo. Fungu la kwanza liwe la stempu zenye meno yote, zisizopauka wala kuchanika. Zenye kasoro ziweke fungu la pili. Tazama na nyuma. Stempu ambayo haijatumika na bado ina gundi yake usiiloweshe kamwe.

4. Andika katika daftari: nchi, thamani iliyochapwa, rangi na idadi. Sasa unajua kuandika, kwa hiyo hutadanganywa kwa urahisi.

5. Pima bei. Ukuukuu peke yake si bei. Stempu ya kwanza duniani, Penny Black ya Uingereza, ilitolewa mwaka 1840. Zilichapwa zaidi ya milioni 68. Ziko stempu changa kuliko hiyo ambazo ni ghali zaidi, kwa sababu ni chache.

Wanunuzi wana vitabu vya bei. Lakini bei ya kitabu ni ya duka. Mnunuzi atakupa chini ya hapo, maana naye anataka faida. Basi uliza watu wawili au watatu. Za kawaida uza kwa fungu. Zilizo nzuri uza moja moja. Usiuze sanduku zima kwa siku moja.

Na kabla ya kuuza bahasha, toa barua iliyomo. Isome, kisha iweke. Hiyo haina bei.

Tuonane mwezi ujao.