Mama lishe ana mikono miwili tu

Kila anayetaka kumsaidia mama lishe siku hizi anamletea kifaa. Benki inamletea namba ya malipo, kampuni ya simu inamletea programu, serikali inamletea mtungi wa gesi, mkopeshaji anamletea mkopo wa dakika tano. Hatuna ugomvi na hata kimoja kati ya hivi. Ugomvi wetu ni kwamba vyote vinaletwa kana kwamba huyu mama ana mpishi, karani na mhasibu, wakati wote watatu ni yeye mwenyewe, na kwa kawaida amebeba na mtoto mgongoni.

Tuanze na simu, kwa sababu ndiyo inayogombana na sufuria kila siku. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na leo mteja anayekula wali maharage wa shilingi 2,000 haoni shida kulipa kwa simu. Kwa mteja ni wepesi. Kwa muuzaji, saa saba mchana Kariakoo au Buguruni, kila malipo ya namna hiyo ni kazi ya ziada: aweke upawa chini, afute mikono, afungue simu, asome jina na kiasi, ahakikishe ndiye huyu aliyesimama mbele yake na siyo yule wa meza ya nyuma. Zidisha mara sahani zote za mchana. Asipofanya hivyo, jioni hesabu haikai sawa. Akifanya hivyo, foleni inamkimbia na maharage yanashika chini.

Matapeli wanaijua saa hiyo vizuri. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ndugu yake ni ujumbe wa malipo ya kughushi, ulioandikwa ufanane na wa kampuni, unaotumwa wakati mama ameelemewa. Kinga yake si ngumu. Ujumbe halali huja kwa jina la huduma, hauji kutoka namba ya mtu. Kinachothibitisha malipo ni salio, na anayetilia shaka aangalie salio kabla mteja hajaondoka. Ujumbe wa kitapeli utumwe 15040 ili namba ile ishughulikiwe. Na kwa yeyote anayeweza, tunashauri laini ya biashara ikae peke yake, kwenye kitochi cha bei ndogo kisichopokea vikundi vya WhatsApp wala simu za ndugu. Fedha ya mchele ikikaa laini moja na fedha ya ada ya mtoto, mchele ndio hupungua.

Lakini hatukubali kwamba mzigo wote wa tahadhari uwe wa mama lishe. Kampuni za simu zina uwezo wa kufanya malipo yasomwe kwa sauti: simu itamke kiasi na jina pale fedha inapoingia, kwa Kiswahili, kwa sauti inayoshinda kelele za daladala. Mama aendelee kupakua. Huduma hiyo isiuzwe kama anasa ya maduka makubwa, ianzie kwenye vibanda. Na menyu ya nyota, ile inayofunguliwa kwa kubonyeza nyota kwenye simu yoyote, isidharauliwe wala kuachwa ichakae. Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini na intaneti ikayumba nchini, tulikumbushwa kwamba huduma isiyohitaji bando wala simu janja bado ni uti wa mgongo wa biashara ndogo.

Kuhusu mikopo ya kwenye simu tutasema kwa ufupi. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na ilifanya vyema. Anayehitaji mtaji aulize kwanza halmashauri yake kuhusu mikopo inayotokana na ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo kati yake wanawake wametengewa asilimia 4. Utaratibu wake una usumbufu na vikao vingi. Hata hivyo, mkopo huo hauna riba, na mikopo ya riba kubwa, ile ya "kausha damu", haisubiri mwezi uishe.

Turudi jikoni. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Tunauunga mkono kwa moyo wote, maana aliyevuta moshi wa mkaa miaka ishirini hahitaji kuelezwa faida ya kuuacha. Swali letu ni kwa nini mkaa bado unashinda. Jibu liko kwenye kopo. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa fedha iliyopatikana asubuhi ile ile kwenye chai na vitumbua. Kujaza gesi, hata mtungi mdogo wa kilo 6, kunadai zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Mitungi iliyouzwa kwa ruzuku imesaidia watu kuanza, lakini mtungi hununuliwa mara moja na gesi hununuliwa maisha yote. Gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa mita ilishajaribiwa Dar es Salaam miaka kadhaa iliyopita. Huko ndiko ruzuku ingeelekezwa, ili anayepika auziwe gesi kwa kipimo anachonunulia mkaa.

Kwa sasa, mwenye mtungi asikubali kuondoka dukani kabla haujawekwa kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiutoa kwenye uzito wa jumla unapata gesi uliyouziwa, na jikoni hesabu hiyo hiyo itakueleza kama iliyobaki itafikisha mchana au itaishia wali ukiwa nusu. Maharage yalowekwe usiku kucha. Hakuna kifaa kinachookoa nishati kwa bei hiyo.

Na umeme je? Hapa ndipo tunapotaka wakubwa watusikilize. Jiko la presha la umeme la wati 1,000, hata likiwaka saa nzima bila kupumzika, linakula uniti moja, na kilo ya maharage yaliyolowekwa inaiva kabla ya saa hiyo kwisha. Tena halihitaji kusimamiwa: mama analiwasha, anakwenda kukatia mboga au kujibu oda. Kwa mtu anayefanya kazi za watu watatu, hicho ni kifaa cha kweli.

Ila tazama bei. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mteja wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Akizidi mara kwa mara anahamishiwa T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni shilingi 292. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku. Mama anayepikia nyumbani chakula cha kuuza, akichemsha maharage, akapika wali na akachemsha maji ya chai kwa umeme, ameshazimaliza, na bado kuna taa na jokofu. Tunamhimiza aache mkaa, kisha anapouacha tunampandishia bei.

Tunaiomba EWURA, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kupanga bei, itenge daraja la wanaopika kwa umeme kwa biashara ndogo, lenye ukomo wa uniti unaolingana na sufuria zao. TANESCO ianze kuwatambua wateja hao kupitia serikali za mitaa, ambazo zinawajua kwa majina na kwa vibanda vyao.