Mtungi Umegeuka Stuli



Mama mdogo wangu anapika pale Ipogolo, jirani na yanapoegeshwa malori ya Tunduma. Ana mtungi wa gesi wa kilo 6. Alipewa mkutanoni na mheshimiwa mmoja, picha zikapigwa, vigelegele vikapigwa. Gesi ikaisha siku ya tisa. Leo mtungi ule wateja wanaukalia. Chai inachemka kwa mkaa na mama mdogo anakohoa kama kawaida.

Sasa asije mtu akasema napinga nishati safi. Siipingi. Serikali yenyewe inasema moshi wa kuni na mkaa unaua Watanzania zaidi ya 33,000 kila mwaka, na mimi niliyekulia kwenye moshi huo naamini. Mei 2024 Rais Samia akazindua mkakati: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Lengo zuri kabisa. Ila ruzuku wameiweka kwenye chuma, siyo kwenye gesi! REA wameuza mitungi kwa nusu bei. Haya, ukiisha? Kujaza ni elfu ishirini na kitu, kwa mkupuo. Mkaa unauzwa hata kopo la buku. Mtu anayepata hela yake sahani kwa sahani atanunuaje moto kwa jumla?

Kuna wanaosema apikie umeme. Thubutu! Mtumiaji mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, 350. Chemsha maharage na maji ya kuoga kwa baridi hii ya Iringa, uone kama hujavuka. Yaani unatii wito wa serikali, halafu bei ya serikali hiyo hiyo inakuadhibu.

Na msisahau: Songo Songo inatoa gesi tangu 2004, bomba la Mtwara likazinduliwa 2015 kwa mbwembwe zote. Lakini gesi iliyomo mtungini ni ya aina nyingine, inaletwa na meli kutoka nje. Dola ikipanda, Ipogolo wanarudi kwenye mkaa.

Dar es Salaam kampuni zilishafunga mita kwenye mitungi, mtu analipia kidogo kidogo kwa simu. Kwa nini ruzuku isipelekwe huko?

Diwani wenu akiitisha mkutano wa kata, nyoosheni mkono mumuulize: mitungi mliyogawa, mingapi imejazwa mara ya pili? Mimi wa kwetu nitamuuliza. Nitakwenda na mama mdogo, na mtungi wake tutaubeba.