Diski Zilikuwa Nne, na Buletini Zilipotea



Siye watu wa sendika hapa Kamina tunawaletea leo habari ya aibu. Ni aibu yetu wenyewe, hatuisukumi kwa mkubwa wa kazi. Tulifuta buletini za malipo za bazee kwa mikono yetu.

Kwa muda mrefu bazee waliotumika ku mine wanatuletea makaratasi yao: buletini, fishe za matibabu, karatasi za mwisho wa kazi. Tunayapitisha ku skana, yanaingia ndani ya sanduku moja la diski nne pembeni ya ordinatere. Kwa sababu gani? Mzee akienda kuomba pansio ku CNSS, ile tuliyozoea kuita INSS, hawamuulizi alichimba tani ngapi. Wanamuuliza alitumika miaka gani na nani alimlipia mchango. Wale zaidi ya 10.000 walioacha Gécamines ku 2003, kwa ile walisema ni kuondoka kwa mapenzi, wanajua ladha ya jambo hili. Miaka mingi walibishana juu ya hesabu yao ya mwisho. Ku mabishano ya namna ile karatasi njo mdomo.

Ilikuwa Ijumaa. Sanduku lilijaa. Kijana wetu mmoja anayejitolea aliona dosie mbili zenye majina karibu sawa, akafikiri moja ni kopi ya ingine, akafuta moja. Haikuwa kopi.

Zile diski nne tulijivunia sana. Fundi alituambia: moja ikikufa, tatu zinabeba mzigo wake, hakuna kitakachopotea. Ni kweli. Lakini siye tulisikia kingine, tulisikia kwamba hakuna kinachoweza kupotea hata siku moja. Chukua watu wanne wanaobeba nguzo moja. Mmoja akianguka, nguzo inabaki juu ya mabega. Lakini kapita akisema tupeni, wote wanne wanatupa kwa mara moja. Kufuta ni sauti ya kapita.

Tulikuwa na diski ingine ya nje, inayokopi yenyewe kila usiku. Ile njo ingetuokoa. Kama kijana angesema Ijumaa mchana, tungechomoa waya tu, kazi imekwisha. Hakusema. Aliogopa. Usiku diski ya nje ikaamka, ikaona dosie haiko tena ku sanduku, nayo ikafuta ya kwake. Haikukosa: kazi yake ilikuwa kufanana na sanduku, ikafanana.

Siku ya Kwanza tulivumbua. Na hapa kosa ni la siye wakubwa, si la kijana. Kwa hasira tulizima na kuwasha sanduku mara nyingi. Mmoja akaanza kupakia makaratasi mapya. Mwingine akachomoa diski bila kuandika ipi ilikaa wapi. Sasa tunajua: kufuta ku diski za namna yetu ni kama kutoa jina la mtu ku rejistre ya mtaa. Jina limetoka, lakini mtu angali analala ndani ya nyumba yake mpaka wamuingizie mwingine. Kila kitu kipya unachoandika kinafukuza mmoja wa zamani.

Fundi mwingine alipofika alifanya kinyume chetu. Alikataza mtu kugusa. Aliandika 1, 2, 3, 4 juu ya diski, akakopi kila moja nzima ku diski mpya, zile za zamani akazifungia ku kabati. Akatafuta ndani ya kopi tu. Mashini ilipomuuliza kama aanzishe sanduku upya, alijibu hapana, kwani kuanzisha upya ni kusafisha kabisa. Ilichukua siku nyingi, na kura ya hapa munaijua, grupu ilikunywa mazutu mpaka kese ya sendika ikalia. Buletini nyingi zilirudi, bila majina, namba tu. Zingine zilirudi nusu: jina la mzee liko juu, malipo chini hakuna. Zile tulizoandikia juu yake hazikurudi.

Tusifikiri ni ushamba wa Kamina. Tarehe 31 Januari 2017 mtu wa kampuni ya GitLab, watu wa ordinatere kazi yao yote, alifuta hifadhi ya data ya kweli akizani ni ile ingine. Walikuwa na njia tano za akiba, hakuna hata moja iliyokuwa inatumika vizuri. Walipoteza data ya karibu saa 6. Lakini walisema wazi mbele ya dunia yote, saa ile ile, na watu waliwaangalia wakitengeneza.

Ndani ya komite yetu kuko wanaotaka kijana afukuzwe. Siye tunakataa, na tunaandika hapa ili wasome. Ku shimo, mwenye kuona nguzo imepasuka akanyamaza anaua wenzake. Lakini nani alimfundisha kunyamaza? Ni kapita anayetukana kila mwenye kuleta habari mbaya. Kila mwaka tunaambia wakubwa wa mine wasikate mshahara wa mtu anayesema kosa. Leo tukimfukuza wetu, tutaingia ku mkutano wao na uso gani?

Tangu sasa kuko diski ya tatu. Haikai imechomekwa, inalala ku nyumba ingine, na kila mwezi tunafungua dosie kumi kuona kama zinasomeka. Na ninyi munaotumika bado: Kode ya kazi ya 2002 inamlazimisha mwenye kazi akupe hesabu ya malipo iliyoandikwa. Usikubali kuonyeshwa ku telefone tu. Omba karatasi, uifiche.

Kwa bazee ambao buletini zao zilirudi nusu, tunaomba bamama watafute ku masanduku na chini ya magodoro. Biro iko wazi asubuhi. Juzi mama mmoja, mjane, alileta mfuko wa chumvi. Ndani kulikuwa buletini za bwana yake za miaka kumi na moja, zimepangwa mwezi kwa mwezi. Kijana wetu njo aliyeziskani.