Umri wa Ndege Hauelezi Vifo vya Birere

Muulize mtu yeyote katika soko la Mahoko, hapa Kanama, Rwanda, kwa nini ndege ya Hewa Bora, shirika la Kongo, iliangamiza watu katika mtaa wa Birere, Goma, mwaka 2008. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: ilikuwa kuukuu. Jibu hilo limezoeleka hata hakuna anayelidai ushahidi. Mimi nalipinga. Sisemi ndege ile ilikuwa mpya, maana haikuwa mpya. Nasema jibu hilo limetuziba macho tusilione jambo lililowaua wengi siku ile, na jambo lenyewe halikuondoka na mabaki ya ndege.

Watu wa Kanama wana haki ya kulizungumza. Karoti, kabichi, vitunguu na viazi vya miteremko hii hushuka Gisenyi, huvuka mpaka pale Petite Barrière vichwani na migongoni mwa akina mama, na ng'ambo ya pili Birere ndiyo inayovipokea. Ndugu zetu na wateja wetu wako pale. Ndege ile iliingia mahali tunapouza.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 15 Aprili 2008, mchana. DC-9 ya Hewa Bora ilikuwa inaondoka Goma kwenda Kisangani, kisha Kinshasa. Ilimaliza njia ya kurukia, ikapita mwisho wake, ikaparamia nyumba na maduka, ikawaka. Habari za saa za kwanza zilisema abiria karibu wote wameteketea na waliopatikana hai ni sita tu. Baadaye hesabu ikapinduka kabisa. Ndani ya ndege walikuwamo watu zaidi ya 80, na wengi wao walitoka hai. Waliokufa walikuwa takriban 40, karibu wote watu wa ardhini: waliokuwa wakiuza, wakinunua, wakipika, wakipita na shughuli zao. Kwa hiyo dhana ya kwanza kabisa ilikosea hata juu ya nani amekufa. Ikiwa tulikosea kuhusu maiti waliokuwa mbele ya macho yetu, tulipata wapi uhakika kuhusu chanzo?

Haya, tuupime huo umri. Ndege ile iliundwa miaka ya 1970, kwa hiyo ilikuwa na miaka 30 hivi. Lakini mwaka ule ule wa 2008, shirika la Northwest la Marekani lilikuwa likirusha makumi ya DC-9 za rika hilo kila siku kutoka Detroit na Minneapolis. Northwest ilipoungana na Delta, ndege hizo ziliendelea na kazi hadi Januari 2014, ndipo ya mwisho ikastaafishwa. Ndege huishi kwa matunzo, kwa vipuri halali, kwa mafundi wanaolipwa na kusikilizwa. Mwaka wa kuundwa ni namba ya kwanza ya kuuliza, si ya mwisho.

Sasa geuza upande wa pili. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, safari ya 507, iliondoka Douala usiku katika hali ya dhoruba na watu wote 114 wakafa. Ilikuwa Boeing 737-800 yenye miezi michache tu tangu itoke kiwandani. Kisa hicho nakirudia kila mara, kwa sababu dhana zake zilikuwa na gharama inayopimika kwa saa. Ilidhaniwa imeanguka mbali katika misitu ya kusini mwa Kamerun, na watafutaji wakaelekezwa huko. Mabaki yalikuwa katika kinamasi cha mikoko, kama kilomita 5 tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia, na hayakuonekana hadi siku iliyofuata ilipokuwa inaisha. Mitaani watu walishaamua kwamba ni radi. Ripoti ya uchunguzi ilipotoka mwaka 2010 ilieleza jambo lingine kabisa: marubani walipoteza mwelekeo gizani, ndege ikaendelea kulalia upande bila wao kuitambua hali yake mpaka ikawa haizuiliki.

Ethiopian Airlines 302, iliyoanguka karibu na Bishoftu tarehe 10 Machi 2019 ikielekea Nairobi na kuua watu 157, ilikuwa na miezi minne hivi. Hapo dhana ilikuja na kiburi: hata katika Bunge la Marekani ilisikika hoja kwamba marubani waliofunzwa Marekani wangeimudu. Ukweli ulikuwa kwamba kifaa kimoja cha kupima pembe ya ndege kilitoa taarifa potofu, na programu iliyowekwa na kiwanda ikawa inaisukuma pua ya ndege chini tena na tena, kama ilivyotokea kwa Lion Air ya Indonesia chini ya miezi mitano kabla. Angalia ule uvumi wa kwanza ulimkinga nani. Ulimkinga mtengenezaji.

Na uvumi wa Birere umemkinga nani? Ukisema "ndege kuukuu", lawama yote inabebeshwa shirika moja. Hewa Bora haikuwa malaika. Siku chache kabla ya ajali, Umoja wa Ulaya ulikuwa umeliweka shirika zima katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Mwaka 2011 Boeing 727 yake ilianguka Kisangani na kuua makumi ya watu, na baada ya hapo likazuiwa kuruka. Sina neno la kulitetea. Lakini kama hilo ndilo lingekuwa jibu kamili, hatari ya Birere ingezikwa pamoja na shirika lenyewe. Haikuzikwa. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier ya shirika jingine, Busy Bee, iliruka Goma kwenda Beni ikaangukia nyumba za Mapendo, jirani na uwanja ule ule, na watu zaidi ya 20 wakafa, wakiwemo waliokuwa majumbani. Hiyo ilikuwa imekwisha kuruka, kwa hiyo sitasema ni njia fupi iliyoiangusha. Nasema tu kwamba shirika lilibadilika, aina ya ndege ikabadilika, na waliokuwa chini hawakubadilika.

Turudi kwenye uwanja. Njia ya kurukia ya Goma ilikuwa na urefu wa kama mita 3,000. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka. Lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuja Gisenyi. Njiani lava hiyo ililala juu ya sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, ikala karibu theluthi yake. Zilibaki mita 2,000 hivi. Miaka sita baadaye, siku ya ajali, mwamba ulikuwa ungali hapo. Ongeza kwamba Goma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, injini hutoa nguvu pungufu, mabawa hubeba kidogo, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa. Kaskazini kuna lava na mlima. Ndege ile ilikimbia kuelekea kusini, na kusini kuna mji.

Walionusurika walisimulia mambo tofauti. Wako waliotaja tairi, wako waliotaja injini, wako waliotaja maji ya mvua juu ya lami. Chukua simulizi yoyote unayoipenda. Ikiwa ni tairi, rubani alihitaji nafasi ya kusimama. Ikiwa ni injini, vivyo hivyo. Ikiwa ni maji, alihitaji nafasi kubwa zaidi. Kila dhana, hata zile zinazogombana, inaishia kwenye upungufu ule ule wa ardhi tupu. Ndiyo maana nasema ubishi wa vijiweni kuhusu kilichoharibika ndani ya ndege, hata ukipata mshindi, haumwokoi muuza vitunguu hata mmoja.

Hapa Rwanda tuna mfano wetu. Tarehe 12 Novemba 2009 ndege ya kukodi iliyokuwa ikirushwa kwa jina la RwandAir iliondoka Kigali kwenda Entebbe, injini moja ikagoma kupunguza nguvu. Marubani walirudi, wakatua salama, wakaegesha. Kisha injini ile ile ikaisukuma ndege hadi ikagonga jengo la uwanja, na abiria mmoja akafa. Hitilafu ya angani haikuua mtu hadi ilipofuatiwa na mambo mengine chini.

Wakongomani wenyewe walikwisha kufundishwa somo la mwisho wa njia kwa namna ya kutisha. Januari 1996, Antonov iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa N'Dolo, Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita. Waliokufa walizidi 200, karibu wote watu wa sokoni. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka viwanja vikubwa viwe na eneo la usalama lisilo na kitu la angalau mita 90 baada ya ukanda wa njia, na zinapendekeza 240. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo kwa kuota. Wameiandika kwa kuhesabu ndege zilizopitiliza.

Najua watakaosema watu wa Birere walijitakia kwa kujenga pale. Hilo linaniuma. Goma imepokea wanaokimbia vita kwa zaidi ya miaka 30, na mpaka ndio unaolisha mji. Mtu hujibanza penye riziki. Mwenye jukumu la kusema "hapa hapajengwi", kisha kuonyesha pengine pa kujenga, ni mamlaka, wala si mama mwenye beseni la karoti.

Na wako wanaosema siku ikifika imefika, ajali haina kinga. Naheshimu kauli hiyo matangani. Nje ya matanga, watu wa Kanama wenyewe hawaiamini. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika hapa kwetu na Nyundo, katika mvua zilizoua watu zaidi ya 130 nchini. Tuliwazika, tukalia, kisha tukaanza kuuliza habari za kingo za mto, za nyumba zilizo bondeni, za nani ahamishwe na apelekwe wapi. Hakuna aliyetosheka na jibu kwamba ilikuwa mvua. Kwa nini Birere itoshelezwe na ndege kuukuu?

Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 za kuboresha usalama wa uwanja wa Goma. Maana yake tatizo lilikuwa limekwisha kutambuliwa na wanaotoa fedha, huku sisi tukiendelea kubishana juu ya umri wa ndege. Januari 2025 vita viliingia mjini na uwanja ukafungwa. Siku safari za kawaida zitakaporudi, kabla hatujatazama ndege ina miaka mingapi, tuulize kuna mita ngapi tupu kati ya mwisho wa lami ya kusini na nyumba ya kwanza, nani amezipima, na kama wenye nyumba zilizo ndani ya mita hizo wamelipwa na kuonyeshwa pa kwenda kabla tingatinga halijafika.